Mashine Haisomi

6 Machi

Mvua imeanza, umeme umekatika, na mimi bila umeme ni mtu wa kugombana na kuta. Mama kanitupia daftari hili, kasema, "Matusi yako andika humo. Masikio yangu yamechoka." Basi naandika.

Mimi ni fundi wa mashine za gemu. Nazifungua, nazitia chipu, halafu nazipangia kopi za gemu kwenye diski ya pembeni ili mwenye banda asihangaike na CD zinazokwaruzika. Ndiyo, mwanamke. Anayeshangaa akashangae kwao.

Kazi ya leo: hakuna.

7 Machi

Mvua.

9 Machi

Dada kapiga simu. Kapiga kwa simu ya mumewe kama kawaida, maana ya kwake eti iliharibika tangu mwaka jana na shemeji haoni haja ya nyumba moja kuwa na simu mbili. Hakunisalimu. "Mdogo wangu, mashine haisomi. Njoo."

Mumewe ndiye mwenye banda la gemu kule chini sokoni. Watu wote wanamwita Kamanda, hata mama yangu. Chumba cha mbele ni banda: benchi, televisheni, mashine, kompyuta ya kaunta. Chumba cha nyuma wanalala wao. Katikati kuna pazia tu.

Nimefika nimelowa chapachapa. Gemu lipo kwenye orodha, unalibonyeza, picha ya mwanzo inakuja, halafu skrini inakuwa nyeusi tii. Kwa anayejua kazi hilo si tatizo la kuumiza kichwa. Ile diski haipokei faili kubwa mno, kwa hiyo gemu kubwa tunalikata vipande, na mashine inaviunga yenyewe wakati wa kucheza. Kipande kimoja kikipotea, giza. Nikachomoa diski, nikaiweka kwenye kompyuta, nikatafuta. Kipande kilikuwa kimekaa kwenye folda la picha za harusi yao. Nikakirudisha mahali pake, mashine ikasoma. Hata soda aliyoniagizia shemeji sikuimaliza.

"Umemaliza?" dada akauliza. "Ngoja basi nikuchemshie chai."

"Nina kazi zangu, dada. Na hili nilikufundisha mwenyewe."

Kweli nilimfundisha. Siku nilipowafungia mashine nilimkalisha kwenye kompyuta, nikamwonyesha kukata gemu, kuangalia vipande kama vimetimia, kuvirudisha. Alishika papo hapo. Tangu shule kichwa chake ni chepesi kuliko changu, mimi nilikuwa nanakili hesabu zake. Leo ananiambia amesahau. Nikamwambia ndoa imemla akili. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta.

13 Machi

Simu tena. Mashine haisomi.

Nilipofika palikuwa panawaka moto. Skrini ilizima katikati ya mechi, wachezaji wawili wakaanza kubishana nani alikuwa anaongoza. Mmoja akamtwanga mwenzake mdomoni na pedi, ile rimoti ya kuchezea gemu. Jino lilidondoka juu ya kibodi ya kompyuta, nimelikuta mwenyewe kati ya vitufe. Yule aliyepigwa akachukua chupa ya soda, akaipasulia kwenye benchi, akamfuata mwenzie na kile kipande kilichobaki. Watu wakasukumana kutoka, mwingine akamkanyaga mwingine.

Kamanda alitoka nyuma ya pazia bila haraka. Akachukua waya wa pedi, akauzungusha kiganjani, akawachapa wote wawili, mgongoni, shingoni, usoni, popote. Yule wa chupa akapiga magoti akaomba msamaha. Kamanda akaendelea kidogo, kisha akaacha.

Sitaki kuwa mnafiki kwenye daftari langu mwenyewe: nilimpenda kwa hilo. Watu wa mtaa huu wanaheshimu fimbo tu. Mwanamume asiyejua kulinda kilicho chake anakaribisha nyoka ndani.

Dada alikuwa anafuta damu sakafuni kwa tambara. Aliendelea kufuta palepale hata palipokwisha takata.

Kipande cha gemu kilikuwa kwenye picha za harusi. Nikakirudisha.

14 Machi

Mvua. Nimegombana na mama kuhusu kuni mbichi.

20 Machi

Safari hii si vipande. Waya wa diski umehamishwa, umechomekwa tundu la mbele. La mbele halina nguvu, diski inalialia tik, tik, halafu inazima. Nikahamisha, nikawasha, basi. Nikamwambia dada mbele ya watu, "Hata tundu la mbele na la nyuma huyajui siku hizi?"

"Naona nimechanganya," akasema. "Kaa kidogo, mdogo wangu. Angalia na zile gemu nyingine. Fanya polepole, hakuna anayekukimbiza."

Mimi napendwa kwa wepesi wangu. Fundi anayekaa sana ni fundi anayebahatisha. Nikafungasha.

Nilipokuwa nainama kuchukua mkoba, mteja mmoja akanifinya makalio. Nikageuka nikamzaba kofi, damu ikamtoka puani, nikamwongeza jingine kwa faida. Banda zima likapiga makofi. Kamanda akanishika bega, macho yanang'aa. "Shemeji ana mkono kama wangu!"

Nilifurahi. Nilitembea na sifa hiyo mpaka nyumbani. Dada hakupiga makofi. Aliniangalia kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na sasa hakioni.

21 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

25 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sikukipenda, na nataka kukiandika kabla sijakisawazisha kichwani.

Nilipita sokoni kununua waya. Nje ya banda la Kamanda watu wamejaa. Kijana mmoja kakamatwa na pedi ndani ya shati. Kamanda alikuwa amemshika mkono, ameuingiza kwenye bawaba za mlango, na mlango anaufunga. Hakuubamiza. Angeubamiza ningeelewa, hasira ni hasira, hata mimi ninayo. Aliufunga taratibu, akauachia, akamngoja yule kijana apumue, akaufunga tena. Mifupa ya vidole ilisikika. Kijana alilia mpaka sauti ikakatika, mdomo ukabaki wazi tu. Na Kamanda alikuwa anatabasamu. Uso umetulia kabisa, kama mtu anayekunwa mgongo.

Akaniona. "Karibu, shemeji. Ngoja ninawe mikono."

Alinawa kwa sabuni. Akamwambia dada alete chai. Dada akaleta, kikombe kinagongana na sahani njia nzima.

Sikuinywa.

28 Machi

Mashine haisomi. Nimekwenda. Vipande, folda lilelile.

Dada ana mdomo umevimba na chini ya sikio pamepasuka. Nikamuuliza mbele ya mumewe, maana hakuna mahali pengine pa kumuuliza, yule mtu habanduki. "Nimejigonga kabatini," akasema.

"Kabati lenu lina ngumi," nikasema.

Kamanda akacheka. "Kabati letu kali sana, shemeji." Dada akaniambia, "Tengeneza mashine, mdogo wangu. Polepole."

Safari hii nilikaa. Sio kwa kuelewa, kwa kununa. Nilijifanya nasafisha feni ya mashine. Dada akaketi kwenye benchi karibu yangu, akaegemea ukuta, akalala usingizi. Mchana kweupe, kelele za watu, mvua inapiga mabati, yeye kalala mdomo wazi kama mtoto. Nilipofunga mkoba akashtuka, akanishika sketi. "Unaondoka?"

Nimemweleza mama. Mama aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema nisiingilie ya watu wawili, nitakuja kulaumiwa. Nikamjibu vibaya. Sisemi nilimjibu nini.

2 Aprili

Nimechoka, na leo nimelimaliza.

Simu asubuhi: mashine haisomi. Nimetembea kwenye matope mpaka magotini, kiatu kimoja kimebaki huko. Nimefika, kipande kimekosekana, na kiko kwenye picha za harusi. Tena. Hasira zikanipanda mpaka nikaona nyota. Faili halina miguu. Diski ikiwa mbovu inapoteza hiki na kile, inaharibu hovyo. Haichukui kipande kilekile, kikiwa kizima, ikakiweka folda lilelile kila wiki. Nikawaza: kuna mtu anaichezea. Yule jamaa mwenye banda la upande wa pili, wateja wake wote walihamia kwa Kamanda, lazima analipa mtu aingie hapa na kuharibu.

Nikageuka nikamwambia Kamanda, kwa sauti, nijisikie fundi: "Shemeji, hii si hitilafu. Mashine yako nzima, diski nzima. Hapa kuna mkono wa mtu. Kuna mtu anakaa kwenye kompyuta yako na anajua anachokifanya."

Kamanda aligeuza shingo. Akaiangalia kompyuta, kisha kaunta, kisha mlango wa kaunta anaoufunga kwa ufunguo wake mwenyewe.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Umenisaidia sana."

Akanisindikiza mpaka barabarani, kanifunika mwavuli, yeye analowa. Hajawahi kufanya hivyo. Dada alikuwa amesimama kwenye pazia. Hakuniaga, nikaona ananuna kwa sababu ya ile ya tundu la mbele.

4 Aprili

Mvua. Simu hakuna. Nilijua tu dawa yake.

6 Aprili

Mashine ya Kamanda inasoma, inaonekana. Nimemringia mama.

8 Aprili

Mvua. Sijui kwa nini nimemwota dada. Alikuwa mdogo, ananifanyia hesabu.

11 Aprili

Mkono wa kulia umefungwa bandeji, naandika kwa kushoto na mwandiko ni wa kuku. Lakini nitaandika yote.

Jana zipu ya mkoba wangu wa vifaa ilikatika. Nikaupeleka kwa mama mmoja mshonaji, chumba chake na banda la Kamanda ni pua na mdomo, wanatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Akaigeuza zipu, akaniangalia juu ya miwani.

"Kumbe wewe ndiye fundi wa ile mashine ya jirani."

"Ndiye, mama."

"Basi uwe unakuja, mwanangu. Siku ukiwapo nashona kwa raha."

"Kwa nini?"

Akakata uzi kwa meno. "Siku nyingine nakanyaga cherehani hata kitambaa sina. Nakanyaga kwa nguvu, nisisikie."

"Usisikie nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndugu yake?" Akaweka mkoba chini. Alikuwa na hasira, sijui na nani. "Siku ile aliyokutoa na mwavuli, hukufika hata kona yalikuwa yameanza. Tangu hapo mpaka juzi yule binti hakunyamaza. Jana na leo simsikii kabisa. Nimeacha kukanyaga nimsikilize, na simsikii."

Nakumbuka tu kwamba kila kitu kilikuja kwa mpigo. Kipande kilikuwa hakipotei, kilikuwa kinawekwa. Aliyekiweka anajua kukata gemu na kulirudisha, na mtu huyo nilimfundisha mimi, kwa hiyo hakuwa amesahau kitu. Simu si yake, na anapoitumia mwenye simu amesimama pembeni, anasikia kila neno. Atasema nini? Atasema njoo uniokoe? Alitafuta sentensi moja ambayo Kamanda mwenyewe ataipenda, atampa simu aiseme haraka. Mashine haisomi. Halafu mimi nakuja, nakaa pale, na nikiwa pale haguswi. Ndiyo maana chai. Ndiyo maana fanya polepole. Alilala kwenye lile benchi kwa sababu hapo ndipo palikuwa mahali pekee pa kulala.

Na mimi nilikuwa najisifia haraka. Na nilipokasirika nikamkabidhi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilitoka mbio. Mlango wa banda umefungwa mchana wote ule, ndani sauti ya gemu la mpira imefunguliwa mpaka mwisho, watu wa uwanjani wanashangilia. Nikagonga. Nikapiga teke.

"Tumefunga!"

"Ni mimi, shemeji. Nimekuja kuangalia mashine."

Akafungua. Amevaa fulana, fulana ina matone mabichi kifuani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Akatabasamu lile tabasamu la mlango.

"Mashine inasoma, shemeji. Tangu uliponiambia ile habari inasoma vizuri sana."

Nikampita. Nilifika karibu na pazia, akanikamata nywele kwa nyuma, akanivuta nikaanguka chali. Kichwa kikagonga ukingo wa benchi. Akanipiga teke la mbavu, nikasikia pumzi yote imetoka, na alikuwa anaongea taratibu, ananieleza: "Haya ni ya nyumbani kwangu, shemeji. Wewe ni fundi. Fundi anaishia hapa mbele." Akanipiga jingine. Nikamng'ata mguu. Niling'ata mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, akapiga ukelele, akanikanyaga mkono huu wa kulia, vidole viwili vikavunjika, nikaviona vimeelekea kusiko.

Kwa mkono wa kushoto nilishika pazia kujiinulia, likang'oka lote.

Dada alikuwa sakafuni. Mkono mmoja umefungwa kwenye mguu wa kitanda kwa waya wa pedi. Uso sikuutambua, naandika kama ulivyo: haukuwa na umbo. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na nyama iliyovimba, na ule waya umemchora michirizi kuanzia shingo mpaka mapajani, mingine imekauka, mingine bado inatoka damu. Alikuwa hai. Jicho la kulia lilifunguka, likaniona.

Sikumbuki nilivyofika kwenye meza. Nakumbuka uzito wa mashine. Ile mashine ni nzito, ina mabati ndani, nimeifungua mara nyingi najua. Niliing'oa na nyaya zake zote, sauti ya uwanja ikakatika, na Kamanda akageuka kuangalia televisheni. Ndiyo nikamshushia. Ya kwanza ilimpata bega. Ya pili ilimpata juu ya sikio, akapiga goti. Ya tatu mashine ilipasuka, mfuniko ukaruka, nikaendelea na kilichobaki. Damu yake ilinirukia mdomoni. Alinyanyua mkono, nikampiga mkono. Alisema shemeji, shemeji, nikampiga mdomo. Alipolala nilimkalia kifuani na kumpiga.

Na sitaficha: ilikuwa tamu. Nilitaka kichwa kile kifunguke. Nilimsubiri apumue, nikampiga tena, na nilipomsubiri ndipo nikakumbuka ule mlango na yule kijana wa pedi. Hata hivyo mkono ulinyanyuka tena.

Mtu akanidaka kiwiko. Mama mshonaji, ana mkasi wake mkubwa wa vitambaa. "Mwanangu, huyo ametosha. Njoo tumfungue dada yako."

Alikuwa ananitolea macho kama nilivyomtolea mimi Kamanda siku ile ya mlango. Ndipo nikaiachia mashine. Yeye akapiga magoti, akaukata ule waya kwa mkasi, akamvulia dada kanga yake mwenyewe akamfunika. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, haohao wanaopiga makofi. Hakuna aliyepiga.

12 Aprili

Hospitali. Dada amelala. Vidole vyangu viwili vimenyooshwa, daktari alinyoosha huku ananiuliza niliangukia wapi. Nikamwambia nimeangukia shemeji.

15 Aprili

Jicho la kushoto halitaona tena. Mbavu tatu. Figo zinaangaliwa. Mama anakaa ukumbini, haingii, kila akija mlangoni anageuza.

Nilimwambia dada kwamba kipande kilichopotea safari hii ni cha shemeji, kile cha kichwa. Mdomo wake ukajaribu kucheka ukashindwa. "Usinichekeshe," akasema, "mbavu zenyewe sina."

Kisha nikauliza swali ambalo nisingeuliza kama ningekuwa na akili. "Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa lile jicho moja. "Nilikuambia. Kila wiki nilikuambia."

16 Aprili

Mvua kubwa. Nimelia siku nzima, basi.

29 Aprili

Kamanda ameshonwa nyuzi kichwani, amewekwa ndani, ametoka. Kesi itatajwa, imeahirishwa, itatajwa tena. Mimi pia nimehojiwa. Askari aliandika kwamba nilitumia kifaa kizito, akaniuliza kinaitwaje. Nikamtajia, na nikamwambia kilikuwa kizima, hakikuwa na hitilafu yoyote.

Mtaani wanasema Kamanda alipigwa na mwanamke. Hilo ndilo wanalolisema. La dada halisemwi.

Mashine za wateja nimezifunika zote. Sijagusa. Nikishika bisibisi nairudisha, na sio kwa sababu ya vile vidole.

7 Mei

Dada yuko nyumbani. Anatembea akishika ukuta upande wa kushoto. Hasemi. Akisikia mlango anajikunja kabla hajajua ni nani. Leo nilimfokea mama kwa jambo la upuuzi, nikainua mkono kuonyesha kitu tu, kuonyesha dirisha, na dada akaficha kichwa. Nikaenda kukaa nje mvuani. Mkono kama wangu, alisema yule.

Tangu sasa nitaweka mikono chini nikiongea. Ni vigumu, sijui mtu anaongeaje hivyo.

15 Mei

Mvua inapungua. Kamanda kaleta ujumbe: anataka kuja kuongea na wakubwa. Mama kasema waje. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akasema, "Watu wanatuangalia. Na dada yako hajasema hataki." Kweli, hajasema hataki. Hajasema chochote.

24 Mei

Leo jua limetoka tangu asubuhi, na wamekuja.

Kamanda na baba yake mdogo, mzee mpole, anakohoa. Kamanda kavaa shati jeupe, kovu limemshuka kutoka kwenye nywele mpaka sikioni, meno ya mbele hana. Kaleta simu mpya ndani ya boksi lake, kaiweka mezani mbele ya dada. Tulikaa sebuleni sote. Mimi nilikaa karibu na mlango, mikono nimeikalia.

Mzee aliongea vizuri. Akasema ujana, akasema hasira, akasema biashara ilikuwa inamvuruga kijana wake, mashine kila siku mbovu. Akasema pande zote mbili zimeumia, akaniangalia. Akasema mwanawe ameahidi mbele yake. Kamanda aliinamisha kichwa, akasema ndiyo, ameahidi. Alinyamaza vizuri, alipumua vizuri, kila kitu alikifanya vizuri. Mama alikuwa anakunja pindo la nguo na kulikunjua.

"Sisi tumesikia," mama akasema mwishowe. "Sasa tumsikie mwenyewe."

Wote tukamgeukia dada. Kamanda akasogeza kiti chake karibu, upande wa kushoto, upande asioona. Dada hakumwona akisogea mpaka mkono wake ulipotua kwenye mgongo wa kiti. Mabega yakampanda. "Sema, mke wangu," Kamanda akasema, sauti ileile ya taratibu. "Sema mwenyewe. Hakuna anayekulazimisha."

Dada akaiangalia ile simu kwenye boksi. Nilijua atasema atarudi. Nilimwona jinsi neno linavyomjia, na singeweza kulizuia, kwa sababu nimeapa mikono nitaikalia.

Akageuza kichwa chote, maana ndivyo anavyolazimika siku hizi, mpaka jicho lake likanipata mlangoni.

"Mdogo wangu," akasema. "Mashine haisomi."

Mzee akatazama huku na huku. "Mashine gani, mwanangu?"

Hakukuwa na mashine iliyowashwa. Zote zimefunikwa tangu Aprili. Mama hakuelewa mara moja. Kamanda alielewa. Nilimwona anarudi nyuma wiki baada ya wiki, simu baada ya simu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamshikia ile simu mdomoni, na ule mkono kwenye kiti ukakunja ngumi.

"Nimesikia, dada," nikasema. "Nimekuja."

Nikanyanyua kiti changu, nikapita katikati ya sebule, nikakipachika kati yake na Kamanda, ikabidi Kamanda auondoe mkono wake. Nikaketi. Mikono nikaiweka mapajani, wazi, ionekane. Dada akaegemea bega langu kwa uzito, kama mtu anayeanza kusinzia.

"Mzee wangu," nikamwambia baba mdogo, kwa adabu zote nilizonazo, "hapa kuna kazi kidogo. Ninyi tangulieni."

Mama ndiye aliyesimama. Akachukua lile boksi la simu, akampa Kamanda mkononi bila kumtazama, akaenda akafungua mlango, akausimamia mpaka wametoka wote wawili na hatua zao zimepotea barabarani.

Dada alikuwa amelala kweli. Mama akaniuliza kwa kunong'ona kama amlaze kitandani. Nikatikisa kichwa. Bega limekufa ganzi na naandika kwa mkono mmoja, daftari liko gotini, lakini hakuna anayenikimbiza.